Maswali ya Wasomaji: Mateka aliyerudi Hanoi akiwa balozi

Mwezi uliopita niligusia kwa mistari miwili tu habari za Pete Peterson, rubani wa Marekani aliyekaa mateka Vietnam miaka sita na nusu, kisha akarudi huko huko akiwa balozi. Mistari miwili haikutosha. Barua zimekuja nyingi kuliko nilivyozoea, na moja kutoka Bukavu imenikaa moyoni siku kadhaa. Naanza na hiyo.

*Mzee, salamu nyingi toka Bukavu. Mkubwa wangu alitekwa na watu wenye silaha, wakakaa naye porini miaka minne. Amerudi mwaka juzi. Sasa parokiani wanatafuta watu wa kamati ya kupatanisha kijiji chetu na kile walikotoka waliomteka, na yeye anataka kuingia. Nyumbani wanakataa. Mama anasema mtu wa namna hiyo hawezi kukaa meza moja na watu wale: ama atalipiza kisasi, ama ataugua upya. Wewe uliandika kwamba yule Mzungu alirudi kwa waliomfunga. Ni kweli, ama ni hadithi za magazeti?*

Ni kweli, mwanangu, na nitakueleza kwa urefu, maana ukiisikia kwa ufupi inafanana na muujiza, na muujiza hautamsaidia kaka yako.

Douglas Peterson, ambaye kila mtu anamwita Pete, alizaliwa Omaha, Nebraska, mwaka 1935. Aliingia jeshi la anga akiwa kijana, akawa rubani wa ndege za kivita aina ya F-4. Usiku wa tarehe 10 Septemba 1966 ndege yake ilipigwa upande wa mashariki wa Hanoi, mkoa wa Hai Duong. Yeye na mwenzake wakaruka kwa miavuli. Mwavuli wa Peterson ulinasa kwenye mwembe pembezoni mwa kijiji cha An Doai. Naomba usipite haraka hapo kwenye mwembe. Sisi tunaujua mwembe usiku, jinsi unavyokuwa mweusi na mzito. Alianguka humo akiwa ameumia mkono, bega na mguu, katika nchi aliyotoka kuipiga mabomu, na sauti za wanakijiji zinamkaribia. Wakamkamata, akapelekwa Hanoi.

Aliachiwa tarehe 4 Machi 1973. Nimehesabu kwa kalenda: ni siku 2,367.

Alipitia magereza kadhaa, likiwemo lile mashuhuri la Hoa Lo. Miaka ya kwanza ilikuwa ya mateso hasa: kamba, pingu, njaa, kufungiwa peke yako. Kuanzia mwishoni mwa mwaka 1969, baada ya kifo cha Ho Chi Minh, kiongozi wa Vietnam Kaskazini, hali ikapungua ukali, lakini kifungo kikabaki kifungo. Walirudishwa nyumbani mateka 591 mwaka ule wa 1973, na Peterson alikuwa mmoja wao.

Sasa sikiliza kilichofuata, kwa sababu hapa ndipo barua yako ilipo. Hakurudi Vietnam mwaka uliofuata, wala miaka mitano baadaye. Alibaki jeshini hadi 1981. Akahamia Marianna, mji mdogo wa Florida, akafanya kazi na vijana waliopotoka, wale wanaopelekwa katika shule za marekebisho. Mwaka 1990 akagombea Bunge, akashinda, akakaa vipindi vitatu. Mara ya kwanza kukanyaga tena Hanoi ilikuwa 1991, akiwa mbunge, kufuatilia habari za Wamarekani waliopotea vitani. Alipotua kama balozi ilikuwa tarehe 9 Mei 1997. Kati ya kutoka gerezani na siku hiyo imepita miaka 24.

Kaka yako ana miaka miwili tu tangu atoke porini.

Sisemi hivyo kumkatisha tamaa. Nasema ili mama yenu asionekane mwoga. Hofu yake ina msingi. Peterson amesema mara nyingi kwamba chuki aliiacha kwenye lango la gereza siku aliyotoka, nami namwamini, lakini kuacha chuki ni jambo moja na kukaa mezani na mtu aliyekufunga ni jambo la pili, na hili la pili lilimchukua karibu robo karne.

Kuna kitu kingine ambacho waandishi wengi wanakiruka, na mimi ndicho ninachokishikilia. Peterson hakutumwa Hanoi kwenda kusamehe. Alitumwa na kazi mkononi. Kazi ya kwanza aliyoitaja ilikuwa waliopotea vitani: mwaka 1997 bado kulikuwa na Wamarekani zaidi ya 2,000 ambao familia zao hazijui wamelala wapi. Upande wa pili Wavietnam wanakadiria watu wao waliopotea kuwa 300,000. Hebu pima: kila nyumba, huku na huku, ina mtu inayemtafuta. Mtu ambaye mwenyewe aliwahi kuwa jina kwenye orodha ya waliopotea, anapokaa mbele ya ofisa wa Vietnam na kumwambia tusaidiane kutafuta mifupa, hasikilizwi kama msemaji wa serikali tu. Na kule nyumbani kwake, walipokuwepo wapiganaji wa zamani waliosema kuwa uhusiano na Hanoi ni usaliti, nani angemwambia Peterson kwamba hajui Vietnam ni nini? Kifungo kilimpa haki ya kusema pande zote mbili. Haki hiyo kaka yako anayo pia, na watu wa parokia wameiona.

Novemba 2000, Rais Bill Clinton alipokwenda Vietnam, rais wa kwanza wa Marekani kufika huko tangu vita viishe, alipelekwa nje ya Hanoi mahali panaitwa Tien Chau. Palikuwa na shimo la tope ambamo ndege ya kivita ilianguka mwaka 1967. Wanakijiji walikuwa wakichota udongo na kuuchekecha bonge kwa bonge, na waliosimama kando ni wana wawili wa rubani wa ndege ile, sasa watu wazima, wakingoja kitu chochote: kifungo cha shati, jino. Katika safari ileile Wamarekani waliwakabidhi Wavietnam kurasa 350,000 za nyaraka za jeshi ziwasaidie kuwatafuta watu wao. Hiyo ndiyo sura ya kazi aliyokuwa akiisimamia Peterson. Watu wanakutana kwenye shimo, na chekeche mkononi.

Kwa hiyo mwulize kaka yako swali moja kabla ya kumwuliza kama amesamehe: kamati hiyo inakwenda kufanya nini? Kama ni kukaa tu na kupeana mikono mbele ya wageni wenye kamera, akae nyumbani, na mama ashinde. Kama kuna kazi ambayo vijiji vyote viwili vinaihitaji, kutafuta watoto ambao hawajarudi, kurudisha mashamba, kufungua njia ya sokoni, basi mwacheni aingie, na wewe umsindikize siku za kwanza. Usimwache arudi peke yake jioni.

*Shikamoo babu. Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu, Morogoro. Nimesikia mateka wa Hanoi walikuwa wanaongea kwa kugonga ukuta. Waliongeaje?*

Marahaba, mjukuu wangu. Chukua karatasi. Chora mistari mitano ya herufi tano tano. Mstari wa kwanza andika A, B, C, D, E. Wa pili F, G, H, I, J. Wa tatu L, M, N, O, P. Wa nne Q, R, S, T, U. Wa tano V, W, X, Y, Z. Umeona K haipo? Herufi ni 26 na vyumba ni 25, kwa hiyo K waliitoa na kuandika C mahali pake. Sisi tungeteseka, maana bila K hatuna kaka wala kesho.

Kila herufi inagongwa mara mbili: kwanza namba ya mstari, kisha nafasi yake katika mstari. H iko mstari wa pili, nafasi ya tatu: ko-ko, kituo, ko-ko-ko. Sasa gonga neno *habari*: 2 na 3, 1 na 1, 1 na 2, 1 na 1, 4 na 2, 2 na 4. Jaribu na mwenzako kwenye dawati. Utaona neno moja dogo linavyochukua muda, na wao walisimuliana maisha yao yote hivyo, hadithi za watoto, mapishi ya mama zao, majina ya kila mateka ili atakayetoka wa kwanza ayapeleke nyumbani. Walipokatazwa kugonga walitumia ufagio, wakifagia ua kwa mapigo yaleyale. Walitumia kikohozi. Usiku kabla ya kulala walipeana herufi chache za kutakiana usiku mwema na baraka za Mungu, ukuta hadi ukuta.

Mimi ukuta wa Hoa Lo nimeugusa. Nilifanya kazi miaka mingi katika ofisi ya ushirika huku Mtwara, na nilipata bahati ya kwenda Vietnam na ujumbe wa wauza korosho. Siku moja ya mapumziko nikaomba nipelekwe gerezani. Sehemu kubwa ilibomolewa miaka ya 1990 wakajenga majengo marefu; kipande kilichobaki ni makumbusho. Jina Hoa Lo maana yake ni jiko, kwa sababu mtaa ule zamani walikuwa wakifinyanga na kuuza majiko ya udongo. Gereza lenyewe lilijengwa na Wafaransa mwishoni mwa karne ya 19, na kwa miaka mingi waliojazwa humo walikuwa Wavietnam wenyewe waliodai uhuru. Kuna mashine ya kukatia vichwa ya Mfaransa. Ipo hadi leo, ubao wake umekolea weusi.

Uani nikakuta mti nikasimama. Ni mkungu! Mkungu huu huu wa pwani, wenye majani mapana yanayogeuka mekundu, ambao watoto wa Mikindani wanaponda kungu zake kwa jiwe. Mwenyeji wetu akasema wafungwa wa enzi ya Mfaransa walikula matunda yake, wakatafuna majani machanga kama dawa ya tumbo, na matawi wakachonga filimbi. Nikaokota jani moja. Ninalo ndani ya msahafu wangu.

*Mzee, ninasoma sheria Arusha. Nimesoma kwamba uteuzi wa Peterson ulikwama kwa sababu ya Katiba. Ilikuwaje, wakati Rais alimtaka?*

Ulikwama kweli. Clinton alimpendekeza mwaka 1996. Lakini Katiba ya Marekani, ibara ya kwanza, inakataza mbunge kuteuliwa katika cheo cha serikali kilichoundwa katika muda wa ubunge wake. Uhusiano wa kibalozi na Vietnam ulirudishwa Julai 1995, na Peterson alikuwa bungeni. Cheo hicho kilizaliwa yeye akiwa ndani. Ikabidi angoje kipindi chake kiishe Januari 1997, apendekezwe upya, ndipo Seneti ikamthibitisha tarehe 10 Aprili. Mwezi mmoja baadaye yuko Hanoi. Napenda kisa hiki kwa sababu kila mtu alikuwa anamtaka, na bado sheria ikaheshimiwa.

*Assalaam alaykum mzee wetu. Mnatusimulia mabalozi na magereza, lakini mke wake je? Mimi mume wangu ni baharia, najua kungoja. Huyo mama alingoja vipi? Msomaji wako, Unguja.*

Waalaykum salaam, bibi. Ahsante kwa kuuliza, ilinipasa nianze naye.

Jina lake Carlotta. Mumewe alipoangushwa alikuwa mjamzito wa mtoto wa tatu. Mtoto akazaliwa, akatambaa, akaanza shule, na baba ni picha ukutani. Peterson alipotoka Machi 1973 alimkuta mwanawe wa kiume ana miaka sita na hajapata kumwona. Fikiria siku hiyo mlangoni. Ninyi wake wa mabaharia mnajua mtoto anavyojificha nyuma ya kanga ya mama baba akirudi baada ya mwaka mmoja tu.

Mtoto huyo huyo alifariki kwa ajali ya gari mwaka 1983, akiwa na miaka 17. Carlotta naye alifariki kwa saratani mwaka 1995. Kwa hiyo mtu aliyeitwa kwenda Hanoi mwaka uliofuata alikuwa mjane, na msiba wake mkubwa haukuwa tena gereza. Sijawahi kusoma makala inayoyaweka haya mawili pamoja, nami nadhani bila haya humwelewi.

Hanoi alikutana na Vi Le, mwanamke mzaliwa wa Vietnam aliyekulia Australia, ambaye alikuwa mwakilishi wa biashara wa Australia. Wakafunga ndoa kanisa kuu la Hanoi, Mei 1998. Baada ya ubalozi, wote wawili waliingia katika kazi ya kuwakinga watoto wa Asia na ajali, hasa kuzama majini na barabarani, kwa shirika waliloliita The Alliance for Safe Children. Peterson mwenyewe alikuwa akiendesha pikipiki katika mitaa ya Hanoi, na alikuwa miongoni mwa waliopigia kelele helmeti wakati karibu hakuna aliyeivaa. Tarehe 15 Desemba 2007 Vietnam ikafanya helmeti kuwa lazima kwa kila mpanda pikipiki, na mji mzima ukabadilika kwa wiki moja. Vijana wetu wa bodaboda wanaoning'iniza helmeti kwenye usukani kama kikapu, nawaomba mlisome hili mara mbili.

*Mzee, mimi ni mkulima wa korosho Newala. Habari hizi za Marekani na Vietnam zinatuhusu nini sisi?*

Zinakuhusu gunia kwa gunia, ndugu yangu. Korosho yako ghafi inapopanda meli, sehemu kubwa inakwenda India na Vietnam. Kule Vietnam inabanguliwa, na kwa miaka mingi mnunuzi wao mkubwa wa korosho iliyobanguliwa amekuwa Marekani. Nimewaona kinamama wa mkoa wa Binh Phuoc wamekaa kwenye meza ndefu wanachambua punje, nyeupe huku, zilizovunjika kule, na magunia nyuma yao yana maandishi ya Tanzania. Nilijisikia kulia.

Sasa njia hiyo haikuwepo. Marekani iliiwekea Vietnam vikwazo vya biashara hadi Februari 1994. Hata baada ya hapo ushuru wa bidhaa za Vietnam uliendelea kuwa wa juu sana mpaka mkataba wa biashara uliotiwa saini Julai 2000 na kuanza kufanya kazi Desemba 2001. Mazungumzo yake yalikuwa kazi kubwa ya miaka ya Peterson pale Hanoi, kwenda na kurudi, ofisi hii na ile. Bei ya korosho ina sababu nyingi, sitakudanganya, lakini ukitaka kujua kwa nini Vietnam ina viwanda vya kubangua na sisi tunauza ghafi, soma walivyofungua milango miaka ile. Hilo litahitaji safu yake.

*Mzee, je, yupo mwanadiplomasia aliyetekwa akiwa tayari mwanadiplomasia? Maana Peterson alitekwa akiwa askari. Dodoma.*

Yupo. Philip Manhard. Alikuwa ofisa wa mambo ya nje wa Marekani, akifanya kazi katika mji wa Hue. Mashambulizi makubwa ya Tet, yaani ya sikukuu ya mwaka mpya wa Kivietnam, yalipoanza mwishoni mwa Januari 1968 alikamatwa pale mjini, akashikiliwa hadi Machi 1973, muda mwingi akiwa peke yake. Mwaka uliofuata, 1974, aliteuliwa balozi katika nchi ya jirani yetu baharini, Mauritius, akakaa hadi 1976. Wengine wangeomba kustaafu. Yeye alirudi kwenye mafaili.

*Shikamoo. Wale wanakijiji waliomkamata, aliwahi kuwaona tena? Kigoma.*

Marahaba. Aliwaona. Septemba 1997, miezi minne tangu awasili, alikwenda An Doai mchana, kwa gari, akiwa mheshimiwa balozi. Ilikuwa imetimia miaka 31. Wanaume wawili waliokuwa katika kundi lililomkamata walikuwa bado hai, mmoja keshakuwa mzee kabisa. Wakampokea nyumbani, wakamtilia chai ya kijani katika vikombe vidogo kama vya kahawa ya mjini kwetu, wakanywa pamoja. Kisha wakatoka kutazama mahali mwavuli ulipoanguka.

Wewe wa Bukavu, niandikie kamati ikishakaa mara ya kwanza. Nataka kujua mlikaa kijiji gani, na nani alimimina chai.